Zamu ya Maji: Somo Kutoka kwa Falaj na Mikoko

Masomo ya juma hili: Mwanzo 29:1–10, Hesabu 20:14–21, Ezekieli 34:17–19



Yakobo alipofika karibu na Harani alikuta makundi matatu ya kondoo yamelala kando ya kisima, na kisima chenyewe kimefunikwa kwa jiwe kubwa. Jua lilikuwa bado liko juu. Kwake yeye, mgeni wa siku hiyo hiyo, jambo hili halikuingia akilini: maji yapo, kondoo wapo, na wachungaji wamekaa tu. Akawashauri wanyweshe mifugo yao waende malishoni. Wakamjibu kwamba hawawezi mpaka makundi yote yakusanyike. Hapo ndipo jiwe huondolewa, kondoo wakanywa, na jiwe likarudishwa mahali pake.

Sura hii tunaipenda kwa ajili ya Raheli, kwa hiyo lile jiwe hupitwa haraka. Leo tukae nalo kidogo. Biblia haitoi sababu ya desturi ile, lakini aliyekulia Kitui, Dodoma au Karamoja hahitaji kuelezwa. Kisima kikiachwa wazi mchana kutwa, mwenye mifugo mingi na vijana wengi hunywesha mara tatu, na mjane anayetoka mbali hukuta tope. Jiwe lilikuwa makubaliano ya watu wa pale. (Kwamba Yakobo alilivingirisha peke yake mara tu alipomwona Raheli, hilo nalo limeandikwa. Wageni tuna haraka zetu.)

Somo letu ni juu ya makubaliano ya namna hiyo: jinsi watu wa kijiji wanavyojipanga wenyewe kutunza maji, ardhi na miti waliyopewa. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, tunaishi katika nchi iliyo na mojawapo ya mifano mikongwe na mizuri ya mpango huo, na wengi wetu tumeupita kwa gari bila kuujua. Pili, pesa tunazopata hapa zinachimba visima, zinanunua viwanja na kukata miti kule nyumbani, hata kama mikono yetu haishiki jembe. Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi. Tutaifikia.

Anayekwenda Nizwa kutoka Muscat hutumia muda usiofika saa mbili. Wengi wetu tumewahi kushuka pale Falaj Daris siku ya mapumziko, tukatia miguu majini, watoto wakacheza, tukala biriani na kurudi. Falaj ni mfereji wa maji, lakini si mfereji wa kawaida. Katika aina inayoitwa daudi, wazee walichimba kisima mama upande wa mlima mpaka wakayakuta maji, kisha wakachimba handaki lenye mteremko mdogo sana, wakati mwingine la kilomita kadhaa, mpaka maji yakatokeza yenyewe juu ya ardhi kijijini. Hakuna mashine ya kuvuta wala mafuta. Aina ya pili, ghaili, huchukua maji ya wadi. Ya tatu, aini, huanzia kwenye chemchemi. Katika Oman aflaj zipatazo 3,000 bado zinatumika, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika orodha ya Urithi wa Dunia: Daris ya Nizwa, Al-Khatmeen ya Birkat al-Mouz, Al-Malki ya Izki, Al-Muyassar ya Rustaq, na Al-Jeela ya upande wa Sur.

Watu husifu ufundi wa lile handaki, nao unastahili sifa. Lakini handaki zuri lisilo na wenyewe huziba. Mafuriko ya wadi moja tu yanatosha kulijaza mchanga. Kilichoziweka falaj hai kwa karne nyingi ni watu wanaojuana kwa majina, na kila mmoja anajua zamu yake.

Maji yanapotoka ardhini, mahali pa kwanza ni pa kuteka maji ya kunywa. Hapo hakuna hisa wala malipo: mwenyeji, mpita njia, mtumishi na mgeni wote huteka. Baada ya hapo maji hupita msikitini, kisha mahali pa kuogea na kufulia, na mwisho huingia mashambani. Mpangilio huu ni sheria iliyojengwa kwa mawe. Hakuna anayeweza kumwagilia mtende wake kabla mtoto wa jirani hajanywa, kwa sababu mtende uko chini na mtoto yuko juu.

Mashambani ndiko zamu zinakoanza. Maji hayagawiwi kwa ndoo bali kwa muda. Kipimo chake huitwa athar, nacho katika sehemu nyingi ni karibu nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, na usiku kwa nyota. Siku hizi wengi hutumia saa ya mkononi. Familia hii ina athar mbili kila baada ya siku kadhaa, ile ina nusu, msikiti una zake, na baadhi ya zamu ni za falaj yenyewe. Hizi za mwisho hukodishwa kwa mnada, na fedha yake huingia katika mfuko wa matengenezo. Yuko wakili anayesimamia mfereji wote, yuko arif anayeangalia zamu, na yuko mtunza daftari. Mafuriko yakibomoa ukingo, wakili hufungua mfuko; usipotosha, wenye hisa huchanga kwa kadiri ya hisa zao. Mwenye maji mengi huchanga zaidi.

Hebu tuangalie kinachotokea mwaka wa ukame, maana hapa ndipo tunapoona hekima yenyewe. Kwa kuwa hisa ni muda na si kiasi, mwenye nusu saa hubaki na nusu saa. Mfereji ukipungua nusu, kila mtu amepungukiwa nusu: tajiri, maskini, msikiti, wote. Hakuna mtu wa mwisho kwenye mstari anayebeba njaa ya wote. Isitoshe, mashamba yamegawanywa tangu zamani. Yaliyo karibu ni ya mitende, ambayo ikifa huchukua miaka mingi kurudi. Ya pembeni ni ya mazao ya msimu. Ukame ukizidi, ya pembeni huachwa bila kupandwa mwaka huo, na mitende inaokolewa. Wanajua mapema watakachokiacha. Ni familia ngapi miongoni mwetu zina mpango kama huo hata kwa mshahara wa mwezi?

Kisha zikaja mashine za kuvuta maji. Kuanzia miaka ya 1970 pampu zilienea, na kila mwenye uwezo aliweza kuchimba chake na kuvuta atakavyo. Desturi ya falaj ilikuwa imekataza kuchimba kisima karibu na kisima mama, lakini maji ya chini hayana ukuta. Anayevuta kwa nguvu upande huu humkausha wa upande ule bila kumwona. Katika uwanda wa Batinah, kuanzia Barka kwenda kaskazini, mashamba ya karibu na pwani yalivuta maji matamu kupita yale yanayorudi kwa mvua, na maji ya bahari yakaingia chini ya ardhi. Ndugu zetu wanaofanya kazi katika mashamba ya huko wanaijua ile chumvi inayobaki nyeupe juu ya udongo. Serikali imeweka vibali vya visima na imejenga mabwawa ya kuzuia mafuriko ili maji yazame ardhini, nazo ni juhudi za kweli. Ila chumvi ikishaingia haitoki kwa msimu mmoja.

Hapa Muscat kwenyewe, maji ya bombani kwa sehemu kubwa ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Mtambo wa Ghubrah ulianza kazi mwaka 1976. Maana yake, kila ndoo tunayomwaga Ruwi au Al Khuwair imetengenezwa kwa nishati na kwa gharama. Tunayafungulia tu, na kwa sababu yanatoka hatuoni jiwe lolote juu ya kisima.

Sasa tuje pwani, maana kuna habari inayounganisha Muscat na Kwale ambayo watoto wetu wanapaswa kuijua. Mtaa wa Qurum umepata jina lake kutokana na mti. Qurm kwa Kiarabu ni ule mti wa baharini ambao watu wa pwani yetu huuita mchu, mmoja wa jamii ya mikoko. Msitu wake bado upo nyuma ya ufuko, pale tunapopita kwenda kutembea jioni. Ulitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na mwaka 2013 ukaingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndani yake wamo kaa, kamba, vifaranga vya samaki, na ndege wanaotua wakiwa safarini.

Lakini mchu wa hapa haukutosha kwa ujenzi. Kwa miaka mingi majahazi yalileta boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji mpaka bandari za Arabuni, na upana wa vyumba vingi vya zamani, Lamu kama huku Ghuba, ulifuata urefu wa boriti. Biashara ile ilikata misitu mikubwa. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982.

Gazi, kusini mwa Mombasa, iliumia kwa namna nyingine. Katika miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, na sehemu nyingine za ufuko zikabaki tope tupu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, walianza kupanda tena pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza mradi unaoitwa Mikoko Pamoja: wanalinda hekta 117 za mikoko kwa makubaliano na idara ya misitu ya Kenya, na hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti ile, takriban tani 3,000 kwa mwaka, huuzwa kama hati kwa wanunuzi wa nje. Fedha hurudi kijijini, na matumizi yake hujadiliwa hadharani. Zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye majirani wao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanza wao pia.

Hatutaki kuupamba mradi huu kupita kiasi. Fedha yake si nyingi, na kumtegemea mnunuzi aliye Ulaya kuna hatari yake. Kinachotuvutia ni mambo madogo. Walijua kwamba mtu akikatazwa boriti bila kupewa mti mwingine ataingia msituni usiku, kwa hiyo walipanda mivinje nchi kavu kwa ajili ya kuni na nguzo. Walichagua kamati, wakaweka walinzi kutoka miongoni mwao. Na hawakuanza kwa hati za kuuza. Walianza kwa kupanda, na miaka mingi ilipita kabla ya shilingi ya kwanza. Mfuko, daftari, zamu, mlinzi anayejulikana: ukiangalia vizuri, ni falaj ileile, imejengwa kwa miti badala ya mawe. Hatuoni haya kusema kwamba wengi wa waliotupa mifano hii, wa Nizwa na wa Gazi, hawasali pamoja nasi. Mungu humnyeshea mvua kila mtu, na hekima ya kuyatunza maji yake ameigawa hivyo hivyo.

Basi tufikie lile la nyumbani. Simu zetu za jioni tunazijua. “Dada, tumepata kiwanja, kiko pazuri, karibu kabisa na mto.” “Mwanangu, mafundi wanasema wakichimba mita ishirini zaidi tutapata maji ya kutosha, tuma ya mashine.” “Kaka, boriti zimepanda bei, lakini kuna kijana analeta za usiku.” Tunatuma. Tumetoka asubuhi kwa ajili ya hao, na ni furaha yetu kwamba mama hatabeba ndoo tena. Hakuna anayepaswa kuona aibu kwa kumchimbia mama yake kisima.

Lakini tuulize jambo moja ambalo mtu wa falaj angeuliza kwanza: kisima hiki kiko wapi ukilinganisha na chemchemi ya wote? Kisima kirefu chenye mashine kikichimbwa juu ya chemchemi kinaweza kuikausha, na wale kina mama waliokuwa wakiteka pale watakuja kununua maji langoni kwetu. Tutakuwa tumewasaidia wetu kwa kuwanyima jirani zao, na sisi hatutakuwapo kuona nyuso zao. Ezekieli alisema na kondoo wanene waliokunywa maji safi kisha wakayachafua kwa miguu yale yaliyobaki. Ukisoma mistari ile taratibu utaona hakuwashutumu kwa kunywa. Aliwashutumu kwa yale yaliyobaki.

Huko nyumbani vikundi vya kuulizwa vipo. Kenya kuna vyama vya watumiaji wa maji vinavyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016, na vyama vya misitu vya jamii chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Tanzania, Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji nafasi ya kutenga na kusimamia msitu wake chenyewe, na pwani kuna kamati za usimamizi wa fukwe. Vijijini Uganda, chemchemi au pampu ya pamoja huwa na kamati ya watumiaji. Nyingine ni hai, nyingine zimebaki jina na muhuri. Mara nyingi zilizokufa zilikufa kwa sababu waliokuwa na uwezo wa kuchanga walijitoa: walipata kisima chao, wakaacha cha wote.

Kuhusu hili falaj ina fundisho kwa watu waliohama. Wako wenye hisa wengi waliohamia Muscat kwa kazi za ofisi. Hawakufutwa katika daftari. Zamu zao zinakodishwa kwa majirani, na ukingo ukibomoka na wao wanadaiwa. Na ukienda shambani leo, anayefungua kizuizi cha mfereji mara nyingi ni kibarua kutoka Bangladesh au India, mgeni kama sisi, anayezijua zamu za kijiji kizima kwa moyo. Aliye mbali bado ana zamu, na mgeni aliyepo naye anaaminiwa. Sisi tuko pande zote mbili.

Kama wageni hapa, Hesabu 20 inatusaidia. Waisraeli walipoomba kupita katika nchi ya Edomu waliahidi kutopita mashambani wala mizabibuni, na wakasema kwamba wakinywa maji, wao na mifugo yao, watalipa. Edomu alikataa, tena kwa jeshi. Sisi tumekaribishwa, tunafanya kazi, tunapewa na mahali pa kusali. Basi tusifanye chini ya ile ahadi. Kwenye wadi tunakopumzika, mkaa, sahani za plastiki na mabaki ya kuku virudi nasi kwenye gari. Na sabuni isiingie kwenye maji, maana kuna mtu chini yetu ambaye hatumwoni. Anayetaka kujitolea, Jumuiya ya Mazingira ya Oman iliyoanzishwa mwaka 2004 hufanya kazi na watu wa kujitolea, na huko ndiko pa kuuliza. Tusianzishe kikundi chetu wenyewe wala tusizungushe karatasi ya michango: sheria za hapa zinataka kibali kwa yote mawili. Mchango wa kamati ya kijijini kwako upitie kwa ndugu yako, kama unavyotuma ada ya shule.

Kwa wenye mapumziko ya siku moja tu kwa mwezi, na wapo wengi kati yetu, hatuwaombi siku hiyo. Tunaomba maswali matatu kwenye simu inayofuata. Maji yetu nyumbani yanatoka wapi, na ni nani mwingine anayekunywa hapo? Nani anashika daftari la kamati, na jina la familia yetu limo? Na kabla hujatuma ya mashine, ya kiwanja au ya boriti: majirani wameulizwa? Majibu mtakayopata tuyalete kwenye vikundi vya kujifunza baada ya ibada Jumapili ijayo, tuyasome pamoja na Mwanzo 26, pale Isaka anapovichimbua tena visima vya baba yake na kuviacha viwili kwa wagombanaji kabla ya kupata cha tatu.